Moshi mweusi na mafuta kuisha: nani ameagiza hiyo petroli?

Gari likitoa moshi mweusi, wengi hapa Mwanza hukimbilia plagi. Zinanunuliwa mpya, gari linatulia kidogo, kisha zinafunguliwa tena zikiwa na masizi yaleyale. Plagi haina kosa hapo. Injini ya petroli hutaka takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, na sasa petroli imezidi. Ama kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imeiagiza yenyewe kwa sababu imepewa taarifa ya uongo, ama inapenya bila kuagizwa. Ukishajua ni lipi, nusu ya kazi imekwisha.

Hakikisha kwanza moshi ni mweusi kweli. Wa bluu ni oili. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji.

Mimi huanza na joto. Gari likiwa limelala usiku kucha, nachomeka mashine ya kusoma kontroboksi asubuhi kabla halijawashwa: joto la maji na la hewa inayoingia lazima yakaribiane, na hapa kwetu huwa nyuzi ishirini na kitu. Mashine ikisema maji yana nyuzi 5, sensa inadanganya, na kontroboksi itamimina petroli ya ziada kwa ajili ya baridi ambayo Mwanza haipo. Waya ukikatika kabisa ni afadhali, maana mashine inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, taa ya injini inawaka, na kontroboksi ya Toyota inaacha kuiamini sensa na kufanya kazi kwa makadirio ya nyuzi 80 hivi. Inayosumbua ni sensa iliyokufa nusu: injini ina nyuzi 90, yenyewe inasema 45, na taa haiwaki. Ichomoe uipime kwa multimita. Kwenye injini za NZ, zile za IST na Probox, utapata kiloomu 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, na omu mia tatu na ushee kwa nyuzi 80.

Lakini mara nyingi sensa inasema kweli. Injini ni ya baridi kweli, kwa sababu kuna fundi aliyetoa temostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, akaitupa. Utaambiwa huku kuna joto, haina kazi. Sikubaliani kabisa. Temostati ya NZ huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo maji yanazunguka muda wote, na ukiwa barabarani kuelekea Usagara, upepo unapiga rejeta na injini inashuka hadi nyuzi 60 au chini yake. Kontroboksi inaona injini haijapata moto, inaongeza petroli kila ukikanyaga, na gia za otomatiki nyingi zinachelewa kuingia ile ya juu. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu tu. Ikiwaka tena katikati ya safari, nenda kanunue temostati. Na kama ilitolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, tatizo hilo bado lipo: kagua rejeta, feni na mfuniko.

Joto likiwa sawa, natazama kwenye mashine asilimia za marekebisho ya mafuta, yaani kontroboksi inaongeza au kupunguza petroli kiasi gani. Hasi kubwa, tuseme 15 au 20, maana yake kontroboksi inaona petroli imezidi na inapunguza. Ikishindwa kabisa huandika kosa P0172. Hasi ikiwa kubwa kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, lakini inapungua ukipandisha mizunguko hadi 2,500, tafuta kinachovuja kidogokidogo: nozeli (kinyunyizio cha petroli) inayodondosha, au vali ya mvuke wa tangi isiyofunga. Kwa injini za zamani zenye rejuleta ya mafuta (kidhibiti presha) kwenye reli ya nozeli, chomoa mpira wake wa vakyumu. Ukinusa petroli ndani, mpira wa ndani ya rejuleta umepasuka. Hasi isipopungua, pima presha ya pampu na usafishe sensa ya hewa.

Petroli inanuka lakini asilimia ni chanya? Hapo wengi hupotea. Ekzosi yenye tundu kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje, na plagi isiyochoma huacha oksijeni ipite. Sensa inaripoti petroli haitoshi, kontroboksi inaongeza. Ziba tundu kwanza, tengeneza koili inayoipa plagi cheche, ndipo usome upya.

Kwa magari yenye sensa ya presha kwenye manifoldi, usitumie namba za mtandaoni bila kufikiri. Funguo ikiwa wazi na injini imezimwa, huko pwani utasoma kilopaskali 101 hivi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hapa namba sahihi ni 88 hivi. Ukisoma 100 ukiwa Kirumba, hiyo sensa ndiyo mbovu. Kabureta haina akili hiyo: iliyorekebishwa Dar es Salaam itazidisha petroli ikifika huku.

Chujio la hewa lililoziba linaua nguvu, ila kwenye gari la nozeli si kawaida lilete moshi mweusi.

Ukimaliza, badilisha oili. Petroli iliyochuruzika ndani yake inarudi injini kama mvuke, na asilimia zitabaki hasi ingawa umeshatengeneza. Kisha futa kumbukumbu ya kontroboksi na uliendeshe gari kwenye foleni na kwenye kilima cha Bugando kabla ya kusoma tena.