Je, wajua mshipa wa damu una saa yake, na mafuta huivuruga?

Chukua damu ya mtu mwenye mafuta mengi mno, itie kwenye kichupa, izungushe kwa mashine ya maabara. Chembe nyekundu zinazama chini. Maji yanayobaki juu, ambayo kwa kawaida ni ya manjano hafifu na unaona hadi ng'ambo, yanatoka meupe kama tui la nazi.

Anayeliona tui hilo huwaza bomba: mafuta yameganda, bomba limeziba, kwisha habari. Si uongo, ila maelezo hayo yanausahau mshipa wenyewe. Bomba la plastiki halijui kama ni usiku au mchana. Mshipa unajua.

Saa kuu ya mwili iko ubongoni, fungu la seli za neva zipatazo 20,000 zinazopokea habari za mwanga kutoka machoni. Lakini seli za ini, za moyo na za kuta za mishipa nazo zina saa zao ndogo, na kila moja hufanya kazi kama boya la tangi la maji. Protini mbili, BMAL1 na CLOCK, hushikana na kufungulia maji: seli inaanza kutengeneza protini nyingine, PER na CRY. Hizo zikijaa, huzirudia zile mbili na kuzizima. Zikishavunjwavunjwa, maji yanafunguka upya. Mzunguko mmoja ni takriban saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua siri hii kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Mshipa unaitakia nini saa? Usiku presha ya mtu mwenye afya hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Alfajiri huanza kupanda, na damu nayo huwa rahisi zaidi kuganda. Ndiyo maana mshtuko wa moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana. (Sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza tumepatana na miili yetu kuliko wanaoanza usiku wa manane, lakini hayo ni yangu.) Mshipa unaojua saa hujiandaa mapema: ukuta wake wa ndani hutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli yake ili damu ipite bila kusukumana. Panya wasio na BMAL1 hupoteza kupanda na kushuka huko kwa presha.

Sasa lile tui. Ndani ya seli kuna protini zinazoonja mafuta, ziitwazo PPAR. Zikiyashika, huenda kwenye jeni na kuziwasha, na mojawapo ni jeni ya BMAL1 yenyewe. Yaani kionja mafuta ni mmoja wa wanaoitia saa ufunguo. Kwa kawaida mafuta hupanda baada ya kula na kushuka ukilala njaa ya usiku, na kupanda na kushuka huko ni habari. Yakibaki juu mchana kutwa na usiku kucha, habari imekufa. Muadhini akiadhini kila baada ya dakika tano, nani atajua kama ni alfajiri au magharibi?

Aina ya mafuta nayo ina neno. Asidi ya palmitiki, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya mawese, ilipowekwa kwenye seli za ini maabara ililegeza mshikamano wa BMAL1 na CLOCK. Zilikuwa seli za ini, si za mshipa, lakini saa ni ileile.

Madhara mengine hayasubiri miaka. Mwaka 1997 watafiti wa Maryland, Marekani, waliwalisha watu 10 wenye afya mlo wenye gramu 50 za mafuta. Kabla ya kula, mshipa wa mkono ulitanuka kwa asilimia 21 damu iliyokuwa imezuiwa ilipoachiliwa ghafla. Saa mbili hadi nne baadaye, kama 11 tu. Kuku wa kukaanga na chipsi wa saa tano usiku wanaufikia mshipa saa ambayo ungekuwa umelegea.

Na duara linajizungusha lenyewe: panya waliolishwa mafuta mengi walianza kula saa zao za kulala, kwa hiyo mafuta yakazidi kuja wakati usio wake.

Madaktari huitumia saa hii kila siku. Ini hutengeneza lehemu, yaani kolesteroli, zaidi usiku, na simvastatini, dawa ya kupunguza lehemu, haidumu sana mwilini, kwa hiyo mgonjwa huambiwa aimeze jioni au anapokwenda kulala. Atorvastatini, dawa ya jamii hiyohiyo, hudumu zaidi; hiyo humezwa saa yoyote.