Mguu Upi Utangulie? Dhana Potofu Kuhusu Kusimama Kwenye Wekibodi

Binamu yangu alianguka mara saba mfululizo akijifunza wekibodi, ubao wa kusimamia majini huku boti ikikuvuta kwa kamba, katika mkono wa bahari wa Kilifi, asubuhi ambayo upepo wa kusi ulikuwa bado haujaanza. Kila alipoinuka, ubao ulijizungusha, mguu wa kulia ukaja mbele, ukingo ukachota maji, chubwi! Mtu mmoja botini akasema huyu hana balansi, zamu imwendee mwingine. Nikaomba bisibisi. Tulilegeza viatu vya ubao, tukavipanga upya ili mguu wa kulia utangulie, na jaribio la pili baada ya hapo akavutwa mpaka karibu na daraja. Balansi alikuwa nayo tangu mwanzo.

Wengi huacha mchezo huu siku ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo: wamepanda ubao uliofungwa kwa miguu ya mtu mwingine.

Dhana: Ukiwa wa mkono wa kulia, tanguliza mguu wa kushoto

Mkono hauamui. Anayetanguliza kushoto huitwa regula na anayetanguliza kulia huitwa gufi, na watu wa mkono wa kulia wamo pande zote mbili. Hata mguu wa kupigia mpira hautoi jibu la uhakika.

Kipimo kinachopendwa ni kusukumwa kidogo mgongoni bila kujua, kisha kutazama mguu uliokimbilia mbele. Kinasaidia, lakini kinaonyesha mguu unaojiokolea, na kujiokoa si sawa na kuteleza. Mimi huamini zaidi soksi na sakafu laini: kimbia hatua tatu, jiachie uteleze kiubavu, rudia mara kadhaa bila kufikiri. Mguu unaotangulia mara nyingi ndio wa kuanzia nao.

Hata hivyo, maji yana neno la mwisho. Ukiona ubao unageuka kila unapoinuka, usiulaumu mwili. Badili mguu.

Dhana: Gufi ni kasoro ya kurekebishwa

Hapana. Hakuna upande ulio bora. Usimlazimishe mtoto abadili ati kwa sababu kaka zake wote hutanguliza kushoto.

Dhana: Ukitanua miguu zaidi unakuwa imara zaidi

Hili linaingia akilini haraka, na ndiyo maana linawaponza wengi. Miguu ikiachana kupita kiasi, magoti huangukia ndani na hayakunjiki vizuri, na goti ndilo linalopokea kishindo cha kila wimbi. Ikikaribiana mno, unayumba kuelekea puani na mkiani mwa ubao.

Ruka juu kidogo mahali ulipo, utue umechuchumaa nusu, kisha usijisogeze. Tazama nyayo zako: upana huo, takriban wa mabega au kuzidi kidogo, ndio wako. Kwa watu wazima wengi ni kama sentimita 50 hadi 60, kutoka katikati ya kiatu kimoja hadi katikati ya kingine.

Dhana: Funga viatu kama mabingwa wanavyofunga

Mabingwa hugeuza vidole vya miguu yote miwili nje, kwa pembe zinazolingana, kwa sababu wanatua pande zote: sasa kushoto mbele, sasa kulia. Mbao za leo huruhusu hilo, kwani pua na mkia hufanana. Skurfer, ubao ambao Tony Finn wa San Diego aliuanzisha mwaka 1985, ulifanana na ubao mdogo wa kuteleza mawimbini, nao ulikuwa na mbele yake na nyuma yake.

Mwanafunzi huenda upande mmoja tu, kwa hiyo aufuate mfano wa ubao huo wa kale. Chini ya kila kiatu kuna kisahani chenye alama za nyuzi za pembe. Mguu wa mbele uweke kati ya nyuzi 15 na 20 kuelekea puani, wa nyuma 0 hadi 5. Sogeza viatu vyote tundu moja kuelekea mkiani ili pua isizame. Goti likianza kuuma, pembe haikufai. Ibadili siku hiyo hiyo.

Dhana: Lala nyuma, vuta kamba, ujiinue

Ukivuta kamba unasimama mapema, maji yanaugonga ubao usoni, unaanguka. Boti ndiyo inayoinua. Keti majini magoti yakiwa kifuani, visigino karibu na makalio, mikono imenyooka, ubao umekaa mkingamo mbele yako. Boti ikivuta, baki umejikunja mpaka ubao upande juu ya maji, ndipo usogeze nyonga ya mbele ielekee botini na kuusimamia taratibu. Uzito ugawe karibu sawasawa, ukizidisha kidogo tu mguu wa nyuma. Ukiulalia mguu huo wote, paja litawaka moto kabla hujafika popote.

Mwombe nahodha asizidi kilomita 30 kwa saa, na kamba iwe ya mita 15 hivi.

Kiatu kikaze hadi kisigino kisinyanyuke, lakini vidole visife ganzi. Baada ya mzunguko wa kwanza, kagua skrubu tena, maana mitikisiko huzilegeza. Ukipata mpangilio unaokufaa, andika nyuzi na matundu chini ya ubao kwa kalamu isiyofutika na maji, hasa kama ubao ni wa kuazima na kesho utakuwa na miguu mingine.