Matundu mengi si mkondo mwingi

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa hapa Tanga anayetaka kutoa hidrojeni kwenye maji ya bahari kwa umeme: "Shikamoo mwalimu, si tutoboe tu nikeli inayoingiza umeme majini iwe na matundu mengi zaidi, uso uongezeke na mkondo wa umeme upande?" Marahaba. Hapana.

Uso unaongezeka, sikatai. Tumbukiza aloi ya dhahabu na fedha kwenye asidi ya nitriki: fedha inayeyuka, atomi za dhahabu zinajikusanya kuwa nyuzi za nanomita kadhaa zilizoshikana, katikati vitundu. Murray Raney alifanya jambo la jamaa hiyo miaka ya 1920, akitoa alumini kwenye aloi yake na nikeli. Na volti 1.23 za kupasua maji hazipungui hata utoboe vipi. Kichocheo, yaani metali inayorahisisha kazi hiyo, hupunguza tu ile volti ya ziada unayolipa juu ya hizo. Tuendelee.

Ugomvi wangu uko ndani ya kitundu. Gesi ikianza kutoka, kiputo kinanasa mdomoni. Ni kama kuongeza viti nyuma ya daladala huku mlangoni kuna gunia la mkaa. Uso uliofunikwa na gesi haugusi elektrolaiti (kimiminika kinachopitisha umeme), haufanyi kazi, ila kwenye hesabu za watu bado umo! Kwenye mkondo mdogo huoni tatizo, ndiyo maana grafu zinapendeza. Pandisha mkondo uone. Vitundu vidogo vinataka njia pana za kupitishia gesi na ioni.

Halafu mtu anajisifu: "Mkondo mara 50!" Umegawa kwa eneo lipi, la rula? Kama uso halisi ni mara 100, basi kila kipande chake kinafanya nusu ya kazi ya bati la kawaida. Na huo uso halisi wengi tunaukadiria kwa kupima uwezo wa uso kuhifadhi chaji, kisha tunagawa kwa mikrofaradi 40 kwa sentimita ya mraba. Namba ya mazoea. Badili metali au elektrolaiti, inaweza kupotoka mara mbili. Tunaitumia hivyo hivyo. Hata ile dhahabu, fedha haitoki yote ndani yake, na ubishi wa nani hasa anachochea, dhahabu au fedha, haujakwisha.

Bahari sasa. Kwenye anodi, upande wa oksijeni, kloridi ya chumvi inashindana na oksijeni na kula metali. Kwenye kathodi, upande wa hidrojeni, magnesi ya bahari inaganda nyeupe na kuziba vitundu vyako vyote. Anza na bati tupu la nikeli kwenye potasiamu hidroksaidi, ulete vipimo.