Je, wajua stendi ya kunyooshea ringi hainyooshi chochote?

Baiskeli imetua kwenye shimo, na tangu hapo breki ya nyuma inalalamika: chwa, kimya, chwa, kimya, mara moja kila mzunguko. Ringi imeyumba. Ukiingia mtandaoni kutafuta dawa, haichukui muda kabla hujaoneshwa stendi ya chuma yenye mikono miwili, pengine ya buluu ya Park Tool, kampuni ya Minnesota, Marekani, iliyoanza mwaka 1963. Halafu unaona bei, unaikumbuka baiskeli yako iliyonunuliwa mtumba, unacheka.

Kabla ya kutoa hela, tazama kwanza ringi hunyooshwa na nini.

Spoki, au njiti kama wengine tunavyoziita, hazibebi baiskeli kama miguu ya kiti inavyombeba mtu. Nyingi zina unene wa milimita 2 tu. Ukiisukuma moja kwa kidole inapinda. Kazi yake ni kuvuta. Kila moja inaivuta ringi kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, nusu kwa upande wa kulia, nusu kwa kushoto, na ringi hutulia pale wavutaji wanapotoshana nguvu, kama mchezo wa kuvuta kamba usio na mshindi. Za kushoto zikilegea mahali fulani, za kulia zinashinda na ringi inaelemea huko.

Kwa hiyo dawa ni kukaza za kushoto robo mzunguko hapo hapo ilipoelemea, na kulegeza za kulia robo. Robo tu! Nyuzi za nipeli, kile kichwa kidogo kinachoishikilia spoki kwenye ringi, kwa kawaida ni 56 kwa inchi moja, hivyo robo mzunguko huisogeza kama sehemu ya kumi ya milimita. Ndiyo maana ukimwangalia fundi mzuri unaweza kudhani hafanyi kitu. Na hapa wageni wengi hupotea: ukitazama kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata mwendo wa saa, ukitazama kutoka kwenye habu, ni kinyume chake.

Sasa stendi inafanya nini? Inalishika gurudumu lisicheze na kuweka ncha ya chuma karibu na ringi ili uone inapogusa. Basi. Kazi hiyo hiyo fundi wa chini ya mwarobaini anaifanya kwa kuipindua baiskeli miguu juu, kuegemeza mkono kwenye uma, ile mikono miwili ya fremu inayolishika gurudumu, na kusogeza kipande cha chaki hadi kiguse ringi inayozunguka. Palipochorwa ndipo palipotoka nje. Nyumbani hata chaki si lazima: raba za breki ziko karibu vya kutosha, au funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye uma na uukate mkia wake ubaki karibu kugusa ringi.

Stendi huanza kujilipa pale unaposuka gurudumu jipya tangu mwanzo, au ringi inaporuka juu na chini, kosa ambalo raba za breki haziwezi kukuonesha vizuri. Ukinunua, jaribu kuitikisa. Inayotingishika mezani itakudanganya. Hakikisha inapokea ekseli yako, maana baiskeli nyingi za milimani za siku hizi zina ekseli nene za milimita 12 au 15 zinazohitaji vipokeo vyake. Ile ya bei ndogo ambayo haiko katikati sawasawa isikutishe: pima, ligeuze gurudumu upande wa pili, pima tena. Ncha ikibaki umbali ule ule kutoka kwenye ringi pande zote mbili, ringi iko katikati.

Mimi ningeanza na spana ya spoki. Nipeli zina vipimo vinavyokaribiana mno, 3.23, 3.30 na 3.45 za milimita, na spana iliyolegea hata kidogo huzila pembe zake. Niliwahi kuona uvivu kuifuata, nikatumia koleo. Nipeli tatu zikawa mviringo kama shanga, na fundi akalazimika kuzikata spoki zote tatu.