Asilimia 67 na bado umefeli

Ujumbe wa mteja mmoja mwenye kozi ya mtandaoni uliingia WhatsApp saa tatu usiku: “Ssebo, kozi imeharibika. Mtu amepata maswali mawili kati ya matatu, skrini inamwandikia 66.66666666666667. Tutafutie mtu wa JavaScript.”

Kozi haijaharibika. Mbili mara mia, gawanya kwa tatu, jibu ndilo hilo; ile saba ya mwisho ni kompyuta kuishiwa nafasi. Na mtu wa JavaScript, lugha ya kuandikia skripti za kivinjari, wa nini? Nimechoka kuambiwa kwamba bila skripti namba haikadiriki. (Kukadiria, yaani kuipeleka namba yenye desimali kwenye namba fupi iliyo karibu, ni neno nililoazima kwa majirani zetu wa Tanzania, mimi hesabu nilifundishwa kwa Kiingereza.)

Triga, zile amri za “likitokea hili, fanya lile” ndani ya programu ya kutengenezea kozi, zina kujumlisha na kutoa. Zinatosha. Jumlisha kigeu chako (kile kisanduku chenye jina kinachotunza namba) na 6755399441055744, kisha, kwa triga ya pili, toa namba ileile. Desimali zimekwenda. Si uganga: kozi ikishachapishwa kwa HTML5, yaani kama ukurasa wa wavuti, anayehesabu ni kivinjari, na kivinjari hufuata IEEE 754, kanuni ya jinsi kompyuta inavyotunza namba: biti 53 za tarakimu, basi. Kuanzia 2 kwa kipeo cha 52 hadi 2 kwa kipeo cha 53, biti zote hizo zimeliwa na namba nzima, hapabaki pa kuweka hata nusu. Namba yetu iko katikati ya eneo hilo, kwa hiyo hata hasi zinapita salama. Ukiogopa kukosea tarakimu 16, ijenge kwenye kigeu cha pembeni: 67108864 mara 67108864, mara 1.5. Ukitaka desimali mbili, zidisha kwa 100 kabla na ugawanye kwa 100 baadaye. Hayo yamekwisha.

Kinachonikera ni nusu. Kwa njia hii 3.5 inakuwa 4, lakini 2.5 inakuwa 2, kwa sababu mfumo ukikutana na nusu kamili hukimbilia namba shufwa. Mhasibu wa Sacco moja huko magharibi mwa Uganda aliniuliza kwa nini mwanachama wake amepunjwa shilingi. Nikamhubiria: nusu zikipanda zote jumla inavimba, shufwa ndiyo haki. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanachama hajui shufwa, anajua shilingi yake.” Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Tangu siku hiyo, kabla ya ile namba kubwa, natanguliza 0.000001. 2.5 inapanda hadi 3. Hata 1.005 inaponea hapo: ukiizidisha kwa 100, kivinjari kinakupa 100.49999999999999, na bila hiyo nyongeza unaishia na 1 badala ya 1.01. Lakini ni kiraka tu. 2.4999999 nayo inapandishwa bila kustahili, na nusu hasi, -2.5, inaishia -2, jambo ambalo mhasibu mwingine anaweza kuniita tena kulijadili. Naitumia, kuipenda, hapana.

Kisha kuna kosa ambalo hakuna namba kubwa itakayolitibu. Alama ya kufaulu ni 67. Skrini inaonyesha 67. Chini yake: “Hujafaulu.” Mtengenezaji amekadiria kigeu cha kuonyesha, huku triga ya matokeo ikilinganisha kile halisi, 66.66 na ushee. Kuwa na vigeu viwili si kosa, mimi mwenyewe siachi kuvitenganisha, maana ukikadiria kila hatua makosa yanapandiana. Ila lazima mtu aamue kipi kinahukumu. Zamani ningekwambia halisi, bila kupepesa. Kisha nikakaa nyuma ya chumba cha mafunzo Mbarara, mama mmoja akageuza skrini yake kwangu akaniuliza, “Sitini na saba si sitini na saba?”

Kwa hiyo nikamrudishia mteja swali: aliyepata mawili kati ya matatu, amefaulu au hajafaulu? Kimya cha siku mbili. Halafu:

“Ssebo, weka tu 66.”