Kabla ya kununua vitabu vya CPA ya Marekani, hesabu krediti zako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka kwa kaka mmoja aliyehamia huku Marekani miaka miwili iliyopita. Ana shahada ya biashara aliyoisomea Dar es Salaam, ana CPA(T), yaani cheti cha kitaaluma cha uhasibu cha Tanzania, na nyumbani alifanya ukaguzi wa hesabu kwa miaka saba. Sasa hivi anafanya zamu za usiku kwenye ghala. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, ninunue vitabu gani nianze kujiandaa na CPA ya Marekani?" Nilimwambia asinunue chochote kwanza. Nilimwomba anipigie picha transkripti yake, ile orodha ya masomo na alama za chuo, anitumie, halafu tutafute muda tukae nayo.

Mimi ni CPA, yaani mhasibu mwenye leseni, hapa Ohio, na sehemu ya jioni zangu huishia kwenye transkripti za watu wa kwetu. Wengi niliowaona wakikwama walikwama kabla hata ya kuugusa mtihani, kwenye hesabu ya krediti. Inaniuma, kwa sababu ni watu wanaojua kazi. Mtu aliyewahi kufunga hesabu za kampuni nzima anaambiwa hana sifa ya kuketi kwenye chumba cha mtihani, na barua anayoandikiwa haimwelezi kilichopungua ni nini.

Tuanze na krediti yenyewe, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Neno ni lilelile, kipimo ni kingine. Tanzania, kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya kwanza ya miaka mitatu inabeba krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka, na krediti moja ni saa kumi za kujifunza. Marekani, mwanafunzi wa kawaida huchukua krediti 30 kwa mwaka wa mihula miwili, na shahada ya kwanza hukamilika kwenye 120. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba CPA inataka krediti 150, anatazama 360 zake na kuona amevuka zamani. Hapana. Mwaka wako mmoja wa chuo ulikuwa 120 kwa kipimo cha nyumbani, na kwa kipimo cha huku ni 30. Gawanya kwa nne: 360 zinakuwa 90. Kuna na kipimo cha tatu. Baadhi ya vyuo vya huku hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula, na krediti tatu za robo ni sawa na mbili za muhula. Ukiona mtu ana krediti 45 za robo, ana 30.

Mkenya aliyesoma 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) ana nafuu kidogo hapa, kwa kuwa miaka yake minne ya chuo inakaribiana na ile minne ya Marekani. Mtanzania wa miaka mitatu ndiye mwenye kazi. Lakini kabla hujakata tamaa, kumbuka ulisoma miaka 13 kabla ya chuo: saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita. Mmarekani husoma 12. Wako watathmini wa vyeti, yaani kampuni zinazopima vyeti vya nje kwa kipimo cha Marekani, wanaoutambua mwaka huo wa ziada, na wako wanaohesabu miaka ya chuo peke yake. Ndiyo maana ninamwambia kila mtu aambatanishe matokeo yake ya Kidato cha Sita kutoka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hata kama fomu haikuyataja. Nimeona watu wakiacha cheti hicho kwenye begi kwa kudhani ni cha kitoto mbele ya shahada.

Namba 150 imetoka wapi? Florida ndiyo iliyotangulia kuidai, mwaka 1983. Mwaka 1988 wanachama wa AICPA, chama kikuu cha wahasibu wa Marekani, walipiga kura kwamba kuanzia mwaka 2000 mwanachama mpya awe nazo, na majimbo yakafuata moja baada ya jingine. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria za kodi na kanuni za uhasibu zimekuwa nzito mno kwa miaka minne ya chuo. Tatizo ni kwamba ule mwaka wa tano haukupewa umbo. Katika majimbo mengi, nyingi za krediti 30 za nyongeza zinaweza kuwa za somo lolote. Hili litatufaa baadaye.

Sasa shika jambo moja ambalo hata watu waliozaliwa huku hulichanganya: sifa ya kufanya mtihani na sifa ya kupewa leseni ni vitu viwili. Majimbo mengi yanakuruhusu kufanya mtihani ukiwa na krediti 120 na shahada, halafu, kwa njia ya 150, zilizobaki zinadaiwa siku unapoomba leseni. Maana yake unaweza kuanza karatasi ya kwanza huku ukiendelea kujaza pengo. Mtihani una karatasi nne: tatu za lazima, ambazo ni AUD ya ukaguzi, FAR ya uhasibu wa fedha na REG ya kodi na sheria, na tangu Januari 2024 moja ya kuchagua kati ya BAR ya uchambuzi na taarifa za biashara, ISC ya mifumo ya habari na udhibiti, na TCP ya mipango ya kodi. Kila moja ni saa nne, na unafaulu kwa alama 75. Zamani ulipewa miezi 18 ya kumaliza zote tangu ufaulu ya kwanza. Majimbo mengi sasa yametoa miezi 30, na kwa mtu mwenye watoto na kazi ya zamu nafuu hiyo ni kubwa.

Marekani haina bodi moja ya uhasibu kama NBAA ya Tanzania au KASNEB ya Kenya. Leseni inatolewa na jimbo, na ukihesabu majimbo 50 pamoja na Washington, D.C. na visiwa vinavyotawaliwa na Marekani, bodi zipo 55. Kila moja ina masharti yake. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua jimbo, halafu usome masharti ya jimbo hilo mwenyewe, kwenye tovuti ya bodi, sentensi kwa sentensi. Ya jirani yako wa kanisani au msikitini aliyefanyia Texas hayakuhusu kama wewe unaomba New York.

Ukishachagua, chukua karatasi uchore vikapu vitatu. Cha kwanza ni jumla ya krediti zote. Cha pili ni uhasibu. Cha tatu ni biashara. California, kwa mfano, kwa miaka mingi ilimtaka anayekwenda kwenye mtihani awe na shahada, krediti 24 za masomo ya uhasibu na 24 za masomo ya biashara. New York inatazama mada: lazima uwe na somo la uhasibu wa fedha, la uhasibu wa gharama au wa menejimenti, la kodi, na la ukaguzi. Leseni yake ya krediti 150 inataka 33 za uhasibu na 36 za biashara. Texas inadai somo la maadili la krediti tatu ambalo bodi yake yenyewe imelipitisha, na maadili uliyosoma nyumbani hayawezi kukaa mahali pake.

Kujaza vikapu kunahitaji uaminifu. Development Studies, ile tuliyoisoma karibu wote, inaingia kwenye jumla tu. Stadi za mawasiliano, vilevile. Uchumi, takwimu, sheria ya biashara na masoko vinakwenda kwenye kikapu cha biashara. Penye maumivu ni uhasibu wa mwaka wa kwanza: Florida haiuhesabu kabisa kwenye uhasibu, kwa kuwa inataka masomo ya ngazi ya juu. Nimewahi kukaa na dada mmoja mwenye krediti za uhasibu za kutosha kwa kuzitazama, na tulipoondoa za utangulizi akabaki na pungufu ya masomo mawili. Ni bora tuligundua mezani kwangu, kabla hajalipa ada ya maombi.

Suala la tathmini ya vyeti nalijua kwa gharama yangu mwenyewe. Nilipofika huku nilifanyiwa tathmini na kampuni niliyoelekezwa na mtu wa kazini, nikalipa, nikapata karatasi nzuri yenye muhuri. Ilinisaidia kupata kazi. Nilipoipeleka kwenye maombi ya mtihani ikakataliwa, kwa sababu bodi niliyoomba haikuwa na kampuni hiyo kwenye orodha yake. Nikalipa tena kwingine, nikasubiri tena transkripti zitoke Dar. Karibu mwaka mzima ulipotea. NASBA, umoja wa bodi za majimbo, ina kitengo chake cha tathmini kiitwacho NIES, na yako majimbo yasiyotaka tathmini ya mwingine yeyote. Orodha ya wanaokubalika ipo kwenye masharti ya jimbo lako. Iangalie kabla hujatoa hela. Hakikisha pia unaomba tathmini ya somo kwa somo, maana ile fupi inayosema tu "ana shahada" haionyeshi vikapu.

Transkripti lazima itoke kwa msajili wa chuo kwenda kwa mtathmini moja kwa moja. Uliyonayo wewe mkononi, hata iwe halisi, haitapokelewa. Kama bado uko nyumbani na unajiandaa kuondoka, nenda kwa msajili sasa, ulizia utaratibu na ada, na uombe maelezo ya masomo yote uliyosoma. Halafu kuna majina. Cheti kinasema jina la ubatizo na la baba, pasipoti ina la babu, na baada ya ndoa limeongezeka la mume. Mtathmini haelewi kwamba huyo ni mtu mmoja. Tengeneza kiapo cha majina mapema, ukiwa karibu na wakili anayeelewa unachosema.

Kuhusu CPA(T) na CPA(K), ile ya Kenya, niseme wazi. Marekani ina makubaliano ya kutambuana na nchi chache, na Afrika Kusini imo. NBAA na KASNEB hazimo. Kwa hiyo cheti chako cha kitaaluma, ulichokipata kwa jasho, hakikuondolei karatasi hata moja ya mtihani, na usikitegemee kwenye vikapu. Natamani bodi zetu zianze mazungumzo hayo, kwa sababu wenzetu wanaotoka nyumbani na taaluma kamili ni wengi. Hadi hapo, ujuzi huo utakulipa ndani ya mtihani: aliyefanya ukaguzi kweli akifungua AUD anakutana na mambo anayoyajua.

Pengo likishajulikana, lijaze kwa bei nafuu. Komyuniti koleji ya mtaani kwako inafundisha jioni na kwa intaneti, na kwa mkazi wa eneo ada yake huwa chini mno kuliko ya chuo kikuu. Somo moja kwa kawaida ni krediti tatu, kwa hiyo pengo la 30 ni masomo kumi. Kama jimbo lako linataka uhasibu wa ngazi ya juu, hayo masomo machache yachukue chuo kikuu, mengine yabaki koleji. Iandikie bodi barua pepe ukitaja chuo na namba ya somo, uulize kama watalikubali, na ulitunze jibu lao. Anza na kodi. REG inapima sheria ya kodi ya Marekani, na kodi tuliyosoma nyumbani ilikuwa ya nyumbani, kwa hiyo somo hilo linakujazia kikapu na kukufundisha unachokwenda kuulizwa. Za kujaza jumla, chagua kitakachokufaa maishani. Mimi nilichukua uandishi wa kazini, na mpaka leo ninautumia kila nikiandika barua kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Masta ya uhasibu ni njia nyingine, na mara nyingi huwa na krediti kama 30. Kwa mwenye shahada ya miaka mitatu ambayo imetathminiwa pungufu, inaweza kuwa njia fupi kama atapata chuo kinachompokea. Kwa mwenye shahada inayotambulika na pengo dogo, sioni sababu ya kuchukua mkopo mkubwa.

Utasikia pia kwamba 150 imefutwa. Kilichotokea ni hiki: Januari 2025 Ohio ilipitisha sheria ya kutumika kuanzia 2026, inayoruhusu leseni kwa shahada ya kwanza, miaka miwili ya uzoefu wa kazi na kufaulu mtihani. Majimbo mengine yamefuata, na ndani ya mwaka huohuo AICPA na NASBA zikaiingiza njia hiyo kwenye sheria yao ya mfano, ambayo majimbo huiga. Njia ya 150 bado ipo pembeni yake. Kwa watu wetu hii ni habari njema sana, ila kikapu cha uhasibu kinabaki, na shahada yako bado lazima itambuliwe kuwa sawa na ya Marekani.

Yule kaka tulikaa naye Jumapili. Uhasibu wake umejaa na unamwagika, biashara inatosha, na jumla ndiyo tutakayoisubiri kwa mtathmini. Matokeo yake ya Kidato cha Sita yako Mbeya, kwenye sanduku la mama yake. Mdogo wake ameahidi kuyapeleka posta, na yeye ameshajiandikisha somo la kodi, Jumanne na Alhamisi jioni, kabla ya zamu.