180 ya kwenye swichi siyo 180 ya ndani ya oveni

Ndani ya wiki moja nimeulizwa swali lile lile na watu wanne ambao hata hawafahamiani: mwalimu, keki yangu imepasuka juu imekuwa kama kichuguu, katikati mbichi, niongeze beking pauda kiasi gani? Jamani usiongeze. Usiongeze hata chembe. Mimi nafundisha watu kuoka nyumbani, naenda mpaka majikoni kwao, na karibu kila keki ya namna hiyo niliyoonyeshwa haikuharibiwa na beking pauda wala mayai wala unga, iliharibiwa na moto ambao mwenye oveni hajui ni nyuzi ngapi. Na hajui kwa sababu ameshika neno moja ambalo nimelisikia mpaka nimechoka: "Lakini mimi nilitega 180 kama resipi inavyosema."

Sawa, ulitega 180. Oveni yenyewe ilikuwa ngapi?

Hapo ndo mtu ananyamaza. Ile swichi haipimi kitu. Kazi yake ni kuiambia thamostati ikifika hapa zima, ikishuka washa tena, basi, na hiyo thamostati yenyewe inasikia joto la sehemu moja tu, mara nyingi pembeni au nyuma huko juu, wakati keki yako imekaa katikati. Alafu oveni za nyumbani kukosea nyuzi 10, 15, hata 25 ni jambo la kawaida kabisa, mpya na ya zamani, ya umeme na ya gesi. Na hata ile iliyo sawa haikai 180 muda wote, inapanda inapita kidogo, inazima, inashuka chini, inawaka tena, hivo hivo mpaka keki inaiva. Hiyo 180 ni wastani wa kupanda na kushuka.

Kuna dada mmoja mwanafunzi wangu anaoka keki za oda, alikuwa ameshabadilisha resipi tatu, ameacha siagi hii amechukua ile, beking pauda ameitoa vijiko viwili vya chai ameifikisha vinne, na bado kichuguu. Nikaenda kwake na kipimajoto changu cha oveni, kile kidogo cha duara cha kuning'iniza, nikakiweka katikati ya rafu ya kati, tukatega 180 tukafunga mlango. Baada ya dakika nane hivi taa ikazima, akainuka haraka kuchukua tini lake aweke, nikamwambia kaa kwanza mwanangu. Tukasoma kupitia kioo bila kufungua, tukasoma tena na tena kwa nusu saa nzima: 225, ikashuka 205, ikapanda tena. Wastani 215. Yaani miezi yote ile alikuwa anaiokea keki yake ya sponji kwenye moto wa kukausha kuku, alafu anawalaumu mayai.

Tukarudisha swichi kwenye 150 na tukapima upya, maana kukosea nyuzi 35 hapa haimaanishi inakosea 35 kila mahali, ikaja 180 na kitu kidogo. Akaweka alama pale kwa kalamu ya wino usiofutika. Beking pauda ikarudi vijiko viwili. Keki ikatoka bapa juu, rangi moja kote, akabaki anaizungusha mkononi anaiangalia pande zote.

Sasa elewa kinachotokea mle ndani ili siku nyingine usikimbilie kopo la beking pauda. Mchanganyiko ukiingia kwenye moto hewa iliyomo inatanuka, beking pauda inatoa gesi yake, maji yanaanza kuwa mvuke, vyote vinasukuma juu. Wakati huo huo mayai na wanga wa unga vinaendelea kushika, na vikishashika umbo ndo limekaa hapo. Kuoka keki ni kufanya hayo mawili yakutane kwa wakati wake. Moto ukizidi, pembeni na juu vinashika na kuwa ganda wakati katikati bado ni maji maji, alafu katikati nako kunapofika zamu yake kuumuka hakuna pa kwenda, kunapasua ganda kunatokea juu, ndo hicho kichuguu. Nje inawahi kuwa na rangi, mtu anadhani imeiva anaitoa, ndani uji. Moto ukipungua ni kinyume chake, gesi inatoka yote kabla keki haijashika, inabonyea, inakuwa nzito na kavu kwa sababu imekaa ndani muda mrefu mno.

Ukiongeza beking pauda juu ya hilo tatizo unaliongezea nguvu. Kipimo kinachofaa keki nyingi ni kama kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 120 mpaka 125 za unga. Ukizidisha, vipovu vinakuwa vikubwa vinaungana, vinapanda juu na kupasuka, keki inaruka haraka alafu inaanguka katikati, na ukila unasikia uchungu fulani mwisho wa ulimi. Kwa hiyo keki iliyobonyea katikati inaweza kuwa imebonyea kwa sababu ULIONGEZA, na mtu akiona imebonyea anaongeza tena. Naomba sana, kabla ya kugusa resipi, pima oveni.

Kipimajoto cha oveni ni kitu kidogo na ndo kitu cha kwanza namwambia mwanafunzi anunue, kabla ya tini zenye maumbo na kabla ya zile nozeli za krimu. Kama huna bado, tumia sukari. Sukari nyeupe ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi, kwa hiyo washa oveni kwenye 175 ipate moto vizuri, weka kijiko cha sukari kwenye kipande cha foili, kiweke katikati dakika 15. Inatakiwa ibaki chenga. Kisha panda mpaka 190, subiri oveni itulie, weka sukari nyingine dakika 15, hiyo sasa inatakiwa iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175 oveni yako ina moto kuliko inavyosema, ikigoma kwenye 190 ina baridi. Haikupi namba kamili lakini inakutoa gizani.

Na ile taa, jamani, ile taa! Kuzima kwake hakumaanishi oveni iko tayari, kunamaanisha hewa iliyo karibu na thamostati imefika kwa mara ya kwanza. Kuta, rafu, mlango bado havijapata moto, ukifungua kuweka tini ile hewa ya moto yote inatoka kwa pamoja na hakuna kitu cha kuirudisha haraka. Taa ikizima ongeza dakika 10 mpaka 15. Mimi nawasha oveni kabla hata sijapima unga.

Kingine kinachohusiana na hapo hapo, mtu anakuta resipi imeandikwa 350 anazungusha swichi mpaka mwisho kwa sababu namba 350 haipo kwake. Hizo ni farenhaiti. 350 ya farenhaiti ni nyuzi 177 za sentigredi, ndo hiyo hiyo 180 yetu. Oveni za gesi zenye namba 1 mpaka 9, hapo ni namba 4.

Sasa tuje kwenye maneno mengine ninayoyasikia majikoni. "Oveni yenye feni ni sawa na isiyo na feni." Si sawa. Feni inasukuma hewa ya moto moja kwa moja kwenye keki, joto linaingia haraka zaidi, kwa hiyo punguza nyuzi kama 20 kutoka kwenye resipi iliyoandikiwa oveni ya kawaida. Tini jeusi nalo linavuta joto kuliko la kung'aa, pembeni panawahi kukauka, punguza kidogo hapo pia.

"Ukifungua mlango tu keki inaanguka." Hii ina ukweli nusu. Mwanzoni kabisa ndiyo, maana keki bado haijashika na joto linashuka ghafla. Ikishapita theluthi mbili za muda na juu pameshika, fungua, angalia, funga kwa utaratibu. Hakuna haja ya kukatazana watoto wasipite jikoni.

"Siagi ngumu? Iyeyushe tu, si inakwenda kuyeyuka humo humo." Hapa napata hasira kidogo kwa sababu ni kosa linalofanywa kwa kuokoa dakika 20. Kama resipi inasema saga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kinachofanyika pale ni punje za sukari kuchimba vitundu vya hewa ndani ya siagi, na siagi inashika hewa ikiwa laini lakini bado imara. Ikishakuwa mafuta haishiki kitu, na beking pauda haitengenezi vipovu vipya, inavijaza tu vile ulivyoviweka wewe wakati wa kusaga. Nyuzi 18 mpaka 21 hivi ndo joto lake. Ukibonyeza na kidole kinaacha shimo, kidole hakizami mpaka chini wala hakitoki kinang'aa mafuta. Kikitoka kinang'aa rudisha friji kidogo. Mayai pia yatoe nje mapema, yakiingia ya baridi siagi inaganda na mchanganyiko unakatika unakuwa kama maziwa yaliyoganda.

"Nikiacha mashine ichape muda mrefu keki itakuwa laini zaidi." Inategemea unachapa nini. Siagi na sukari, chapa kweli, dakika 4 au 5. Mayai na sukari ya sponji, chapa mpaka yakitiririka yaache alama juu. Ila unga ukishaingia, ZIMA mashine, au tumia spidi ya chini kabisa sekunde chache tu, malizia na mwiko. Unga wa ngano ukikutana na maji na ukachapwa unajenga gluteni, yaani utando wa protini unaovutika, nzuri kwa mkate, kwenye keki inakupa kitu cha kutafuna chenye mashimo marefu kama njia za mchwa. Ukikata keki ukaona hayo mashimo marefu ujue ni mashine hiyo.

"Kikombe ni kikombe." Chota kikombe cha unga kwa kukizamisha kwenye mfuko, alafu chota kingine kwa kumimina unga na kijiko, vipime vyote. Kimoja kinaweza kuja gramu 120 na kingine 150. Kwenye resipi ya vikombe vitatu hiyo ni tofauti ya gramu 90, kama robo tatu ya kikombe cha unga ambayo hukujua umeweka, na keki inatoka kavu unalaumu oveni, sasa safari hii oveni haina kosa. Nunua mizani. Kipimajoto na mizani, vitu viwili tu.

"Nipunguze sukari nusu, itakuwa na utamu mdogo tu, mengine yatabaki." Sukari inashika unyevu, inachelewesha keki kushika ili ipate muda wa kuumuka, na inaleta rangi. Ukitoa nusu unapata keki kavu, iliyopauka. Robo unaweza kutoa kwenye resipi nyingi bila kuona shida kubwa, zaidi ya hapo tafuta resipi iliyotengenezwa hivo.

"Kijiti lazima kitoke kikavu kabisa." Kikitoka kikavu kabisa mara nyingi umeshachelewa, maana keki inaendelea kuiva kwenye tini hata baada ya kuitoa. Chembe mbili tatu zenye unyevu ni sawa, uji ndo hapana. Kama una kipimajoto cha kuchoma, katikati ya sponji ikifika nyuzi 96 mpaka 98 imeiva, toa.

Na mwisho eafraya, maana wengi sasa wanaanzia hapo na wanaambiwa ni ile ile oveni, weka dakika zile zile. Kwa kweli ni oveni ndogo yenye feni kali sana na koili, ule waya unaotoa moto, iko juu karibu kabisa na keki. Ndo maana inaungua juu ndani ni mbichi. Shusha mpaka 150 au 160, tumia tini dogo lisilozidi nusu ya kimo cha kikapu ili hewa izunguke, mchanganyiko usipite nusu ya tini, na juu funika na foili kwa dakika za mwanzo. Foili ikunje iingie chini ya ukingo wa tini pande zote, ibane kwa vidole. Ukiiacha imelala tu pale juu ile feni inaipeperusha mpaka kwenye koili, na utajua kwa harufu.